Starbuck, Daktari au Kapteni Janeway: uanze na nani?

Wiki iliyopita binti wa kaka yangu, mwenye miaka 12, aliniuliza: “Shangazi, mbona kwenye tamthilia za angani steringi ni mwanamume tu?” Nikamwambia si zote. Akataka nimtajie moja aanze nayo likizo hii. Hapo nikakwama, kwa sababu zilinijia tatu, na kila moja ilimkalisha mwanamke kwenye nafasi ya kiume kwa njia yake. Nimezitazama zote, nyingine zaidi ya mara moja. Nimeona niandike ulinganisho huu kwa ajili yake, kwa ajili ya mama yake anayelipia bando, na kwa yeyote mwenye swali kama lake.

Ya kwanza ni Battlestar Galactica, hadithi ya watu wachache wanaokimbia angani baada ya sayari zao kuangamizwa. Kwenye tamthilia ya awali ya Marekani, ya mwaka 1978, rubani Starbuck aliigizwa na Dirk Benedict: kijana wa sigara nene mdomoni, karata mkononi na wasichana kila upande. Hadithi iliposimuliwa upya Desemba 2003, Starbuck akawa mwanamke, akaigizwa na Katee Sackhoff. Ya pili ni Doctor Who ya BBC, kuhusu msafiri wa angani na wa nyakati aitwaye Daktari, ambaye badala ya kufa hubadilika mwili. Ilianza tarehe 23 Novemba 1963 na William Hartnell, ikapokezana waigizaji wanaume hadi tarehe 16 Julai 2017, mara baada ya fainali ya wanaume ya Wimbledon, ilipotangazwa kwamba Daktari wa 13 ni Jodie Whittaker. Ya tatu ni Star Trek: Voyager, mojawapo ya tamthilia za Star Trek kuhusu safari za meli za angani, iliyoanza Januari 1995. Humo Kate Mulgrew ni Kathryn Janeway, kapteni wa kwanza mwanamke kubeba tamthilia nzima ya Star Trek.

Kila mmoja aliingia kwa mlango wake. Starbuck aliingia kwa hadithi kuanzishwa upya: ndani ya ulimwengu ule hakuna anayejua kwamba kuliwahi kuwa na Starbuck mwanamume. Hata jina limegeuzwa kuwa jina lake la kazi angani, maana jina alilozaliwa nalo ni Kara Thrace. Janeway ni mtu mpya kabisa kwenye kiti cha zamani, kama anavyoingia mkuu mpya wa shule iliyokuwa na wakuu wengine kabla yake. Daktari ndiye mwenye mlango mgumu. Ni mtu yule yule, mwenye kumbukumbu zile zile na maadui wale wale. Mwili tu umebadilika, kama unavyobadilika tangu mwaka 1966, Hartnell alipompisha Patrick Troughton. Mtazamaji anaombwa aamini kwamba mtu aliyempenda miaka yote hajaondoka.

BBC walikuwa wameutengeneza mlango huo mapema. Mwaka 2014 adui mkubwa wa Daktari, aitwaye Master, alirudi akiwa mwanamke, Missy, na Michelle Gomez akamwigiza kwa ukali uliowanyamazisha wengi waliokuwa na shaka. Mwaka uliofuata jenerali mmoja wa kabila la Daktari alibadilika mbele ya macho yetu kutoka mzungu mwanamume kuwa mwanamke mweusi. Kwa hiyo Whittaker hakudondoka kutoka mbinguni, ingawa baadhi ya watu walipiga kelele kana kwamba sheria za hadithi zimevunjwa. Peter Davison, aliyekuwa Daktari wa tano, alisema anasikitika wavulana watapoteza mtu wa kumwiga. Colin Baker, Daktari wa sita, akampinga: kwake mtu wa kuigwa hahitaji kuwa wa jinsia yako. Mimi niko na Baker. Wasichana wamekuwa wakiwaiga mashujaa wanaume tangu hadithi zianze kusimuliwa, na hakuna aliyeona kwamba wamepungukiwa.

Kipimo changu cha kwanza ni jinsi wenzake wanavyomwita. Kiswahili kinatupa jicho la pekee hapa. Tukisema “Daktari amefika, yuko mlangoni, mpishe”, hakuna anayeweza kujua kama ni mwanamume au mwanamke. Mwingereza hana nafasi hiyo. Akimtaja mtu mara ya pili tu, lugha yake inamtaka achague kati ya “he” na “she”, na kwa Daktari alilazimika kuacha kiwakilishi alichokitumia tangu 1963. Kwetu jinsia hujitokeza zaidi tunapoitana uso kwa uso: bwana, bibi, kaka, dada, mama.

Kwenye Galactica ya 2003 kila ofisa mkubwa ni “sir”, awe mwanamume au mwanamke, na hakuna anayelijadili. Sisi tuna neno afande. Lilitoka kwa Waturuki likiwa heshima ya wanaume wenye elimu na vyeo, likafika huku, na leo askari anamwitikia mkuu wake “Ndiyo, afande” bila kutazama kama amevaa sketi au suruali. Ulimwengu wa Starbuck umeishi hivyo kwa muda mrefu mpaka hakuna anayekumbuka kwamba kuna kitu cha kushangaza.

Janeway yuko katikati. Kwenye sehemu ya kwanza kabisa, “Caretaker”, ofisa kijana Harry Kim anamwita “sir”. Anamjibu kwamba hata kama huo ndio utaratibu wa kikosi chao, yeye hapendi kuitwa hivyo. Kijana anakimbilia neno la kike, naye anamwambia hilo linavumilika mambo yakibana, ila anachopenda ni “Kapteni”. Ni sekunde chache tu, lakini mwandishi amemaliza kazi: tunajua huyu mama ameshalifikiria jambo hili, ameamua, na hatalirudia.

Daktari, yeye hata hajui. Kwenye “The Woman Who Fell to Earth”, iliyorushwa tarehe 7 Oktoba 2018, polisi kijana Yasmin Khan anamzuia kwa kumwita “madam”. Daktari anashangaa: kwa nini unaniita hivyo? Kwa sababu wewe ni mwanamke. Kweli? Inanipendeza? Kisha anaeleza kwamba nusu saa iliyopita alikuwa Mskoti mwenye mvi, yaani mwili wake uliopita. Nacheka kila nikiiona, kwa furaha ile ya mtu aliyepewa nguo mpya na hana haja ya kuomba ruhusa kuivaa.

Kipimo cha pili ndicho ninachokiamini kuliko vyote: je, wamemruhusu kukosea? Mwanamke akipewa nafasi ya mwanamume, waandishi hupatwa na woga. Wanamfanya mwema, mpole, asiye na doa, ili asije akawapa wapinzani neno la kusema. Mtu wa namna hiyo hachoshi kwa sababu ni mwanamke. Anachosha kwa sababu si mtu.

Starbuck wa Sackhoff hakufanyiwa woga huo. Mwanzoni tu anacheza karata na naibu kamanda, Kanali Tigh, anamchokoza, meza inapinduliwa, naye anamchapa ngumi mkubwa wake na kutupwa mahabusu. Sigara ya Benedict ameirithi, karata amezirithi, mapenzi ya ovyo ameyarithi. Kisha wakamwongezea kitu ambacho Starbuck wa 1978 hakuwa nacho: hatia. Alipokuwa mwalimu wa marubani alimpitisha mchumba wake, Zak Adama, kwenye mtihani aliostahili kufeli, kwa sababu alimpenda. Zak akafa akirusha ndege. Na kamanda wa meli anayotumikia sasa, anayemwita kama mwanawe, ni baba yake Zak. Mtazame Sackhoff kwenye sehemu iitwayo “Act of Contrition”, siku anapomwambia mzee huyo ukweli. Hakuna mzinga hata mmoja katika mazungumzo yale, na ndiyo vita kali kuliko zote za msimu wa kwanza.

Ronald D. Moore, aliyeisimulia upya hadithi hiyo, alisema kumfanya Starbuck mwanamke kulimsaidia kumkwepa yule rubani mtukutu mwenye roho nzuri ambaye watazamaji wamekwisha kumwona mara nyingi mno. Ni kweli. Vitendo vile vile, vikifanywa na mtu ambaye hatukumzoea ndani yake, tunavitazama upya na kuuliza vinatoka wapi. Benedict hakukubali. Mwaka 2004 aliandika makala kali akilalamika kwamba tamthilia mpya imewanyang'anya wanaume uanaume wao. Naelewa uchungu wa mtu anayeona kazi ya ujana wake imekabidhiwa mwingine. Ila nikiziweka tamthilia mbili sambamba, sioni kilichonyang'anywa. Wanaume wa mwaka 2003 wanalia, wanakosea, wanaongoza na wanakufa kwa uzito kuliko wale wa 1978.

Janeway naye ameruhusiwa kukosea, tena kwa namna inayomfaa mtu mwenye cheo. Sehemu ya kwanza anavunja chombo pekee ambacho kingewarudisha nyumbani, ili kuwaokoa watu asiowajua, na kwa uamuzi huo watu wake wote wanabaki mbali na dunia kwa safari ya kama miaka 75. Huo ndio uzi wa misimu yote saba. Halafu kuna “Tuvix”, ya mwaka 1996. Ajali inawaunganisha watu wawili wa meli kuwa mtu mmoja mpya, mwenye akili zake na hamu yake ya kuishi. Njia ya kuwatenganisha inapopatikana, mtu yule anasihi asiuawe, daktari wa meli anakataa kushika kifaa, na Janeway anaifanya kazi hiyo kwa mkono wake mwenyewe. Anatoka chumbani peke yake, hasemi kitu, kamera inabaki usoni pake. Nimebishana na mume wangu juu ya uamuzi ule mara nyingi, na hatujakubaliana. Mwanamke anayebishaniwa kwa maamuzi yake, si kwa nywele zake, amepewa nafasi kamili.

Nywele nimezitaja kwa makusudi. Mulgrew amesimulia mara nyingi jinsi wakubwa wa tamthilia walivyohangaika na nywele zake katika misimu ya mwanzo, zikibanwa hivi, zikifunguliwa vile. Na yeye hakuwa chaguo la kwanza. Geneviève Bujold alianza kurekodi mwaka 1994 akajiondoa baada ya siku chache tu. Star Trek yenyewe ilikuwa na deni la zamani. Jaribio lake la kwanza, lililorekodiwa mwaka 1964, lilikuwa na mwanamke aliye wa pili kwa cheo melini; tamthilia ilipofika hewani mwaka 1966 cheo hicho kilikuwa cha mwanamume. Aliyekuwepo ni Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, na jina lake, sisi tunalisikia mara moja, limetokana na uhuru. Lakini uhuru wake ulikuwa wa kupokea simu za meli. Sehemu ya mwisho ya tamthilia hiyo, Juni 1969, inamhusu mwanamke anayelalamika kwamba ulimwengu wa makapteni hauna nafasi kwa wanawake, na hadithi inamfanya kuwa mwendawazimu. Ilipita miaka 25 na zaidi ndipo Janeway akakaa.

Sasa Daktari. Hapa nasema kwa uchungu kidogo, kwa sababu nampenda Whittaker. Ana uso unaoonyesha kila wazo linalopita, mbio za mtoto, na lafudhi yake ya Yorkshire haikufichwa. Anajitengenezea bisibisi yake ya sauti, kile kifaa chake cha kazi zote, kwa vijiko vya chuma cha Sheffield, na unaamini kabisa kwamba mikono ile imezoea moto. Usiku wa kwanza zaidi ya watu milioni 8 walimtazama Uingereza. Kosa halikuwa kwake, lilikuwa kwenye maandishi. Chris Chibnall, mwandishi mkuu, alimzungushia wasafiri watatu kwa mpigo, na mara nyingi kazi ya Daktari ikawa kueleza mambo huku wao wakihisi. Kuna sehemu ya mwaka 2020, “Can You Hear Me?”, ambapo Graham, mzee aliyewahi kuugua saratani, anamfungulia Daktari hofu yake kwamba ugonjwa utarudi. Anajibiwa kwamba Daktari hajui aseme nini, hana mazoea na mambo kama hayo. Nilikaa nikisubiri tukio lile limpeleke mahali, likaisha. Ni Chibnall huyu huyu aliyemwandikia Whittaker, kwenye tamthilia ya upelelezi iitwayo Broadchurch, mama anayempoteza mwanawe, naye akaitikia kwa kilio ambacho sijakisahau. Uwezo ulikuwepo, na mwandishi aliujua.

Tazama kinachotokea anapoandikiwa vizuri. “The Witchfinders”, iliyoandikwa na Joy Wilkinson, inampeleka Daktari Lancashire ya karne ya 17, kijiji kinachowazamisha wanawake majini kwa tuhuma za uchawi. Mfalme James anafika, anasoma karatasi inayothibitisha kwamba kuna mkuu wa msako hapa, na bila kufikiri anamgeukia Graham. Daktari, aliyezoea kuingia kwenye kila chumba na kusikilizwa, ghafla anaonekana msaidizi tu. Anasema wazi kwamba angekuwa bado mwanamume angeendelea na kazi badala ya kupoteza muda kujitetea. Baadaye yeye mwenyewe anafungwa minyororo na kuzamishwa. Kwa sisi tuliosoma habari za vikongwe wa Kanda ya Ziwa, waliouawa kwa sababu ya macho mekundu yaliyoletwa na moshi wa jikoni, sehemu hii si historia ya Waingereza peke yao. Nilipoiona mara ya kwanza nilizima taa nikakaa.

Na “Demons of the Punjab”, ya Vinay Patel, inayotokea Agosti 1947 siku India inapokatwa vipande. Usiku wa kuamkia harusi, wanawake wanapakana hina, na Daktari yumo kati yao, mikono imenyooshwa, akifurahia jambo ambalo hakuwahi kulipata alipokuwa mwanamume. Binti yeyote wa pwani anakijua chumba kile: wanawake peke yao, siri, vicheko, na habari nzito zinazosemwa kwa sauti ya chini. Daktari amezunguka nyota zote lakini mlango wa chumba kile ulikuwa umefungwa kwake hadi siku hiyo. Hapo ndipo utaona faida ya kuubadilisha mwili wa mtu yule yule. Starbuck na Janeway hawawezi kukupa tukio hilo, kwa sababu hawakuwahi kuwa upande wa pili.

Kipimo cha tatu ni kama amebeba mzigo peke yake. Starbuck ana bahati: rais wa watu wake ni mwanamke, Laura Roslin, waziri wa elimu aliyekuwa wa 43 kwenye orodha ya kurithi urais, akaapishwa kwa sababu waliomtangulia wote wameuawa. Rubani mwenzake Boomer, aliyekuwa mwanamume mwaka 1978, naye sasa ni mwanamke. Vivyo hivyo Cain, kamanda wa meli nyingine ya vita. Kwa hiyo Starbuck akilewa na kuharibu, ni Starbuck ameharibu, si wanawake. Janeway ana fundi mkuu B'Elanna Torres, na tangu mwaka 1997 ana Seven of Nine, mwanamke aliyelelewa na viumbe nusu mashine, wa kugombana naye kuhusu maana ya ubinadamu. Daktari, kwa asili ya hadithi, ni mmoja tu, na kila kosa la misimu ile lilihesabiwa juu ya kichwa cha Whittaker. Ndiyo maana Januari 2020 nilifurahi sana Daktari wa Whittaker alipofukua kaburi, kile kibanda cha buluu anachosafiria Daktari kikaonekana, na Jo Martin akatokea: Daktari mwingine mwanamke, mweusi, mwenye amri kwenye sauti yake, asiyeeleza wala kuomba. Alionekana kwa dakika chache tu. Ndizo dakika nilizozirudia zaidi. Na mlango ulibaki wazi, kwani Daktari wa 15 akawa Ncuti Gatwa, aliyezaliwa Rwanda na kukulia Uskoti.

Basi ushauri wangu. Mtu mzima anayetaka kuona jambo hili likifanywa kwa ukamilifu, aanze na Galactica, tena bila kusitasita: kwanza ile filamu ndefu ya 2003, halafu “33”, ambapo marubani wanashambuliwa kila baada ya dakika 33 na hawajalala siku tano. Lakini kuna mateso, ngono na watu kujiua, kwa hiyo wifi yangu, hiyo ni ya kwako usiku watoto wakishalala. Binti ataisubiri mpaka akue.

Anayetaka kukaa na mtu kwa muda mrefu, kama jirani mwema, amchague Janeway. Ni sehemu 172, karibu saa 130, na msimu wa kwanza na wa pili una siku zake za unyonge. Usizifuate zote. “Caretaker”, “Tuvix”, kisha “Year of Hell” ya msimu wa nne, uone kapteni anavyong'ang'ania meli inayopukutika kipande kwa kipande. Ukiguswa, rudi ujaze mapengo.

Na wewe binti yangu, anza na Daktari. Zote za Whittaker ni sehemu 31 tu, zinaisha ndani ya likizo, na hakuna utakachohitaji kufunikwa macho. Tazama ya kwanza, halafu ile ya Rosa Parks kule Montgomery mwaka 1955, halafu ya Punjab, halafu ya wachawi. Ya wachawi usiitazame peke yako. Nakuja Jumamosi, tutaiona pamoja, na bibi yako pia nimemwambia aje, kwa sababu ana habari za kijijini kwao ambazo hajawahi kutusimulia zote.